Anti, stika ya kamera inasema elfu 13, faili linasema laki moja na elfu 31, na muuzaji ni shemeji yangu

Anti shikamoo. Pole na majukumu. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko hapa Dodoma maeneo ya Nkuhungu, jina naomba usilitoe kabisa maana dada yangu na yeye anakusoma.

Mi ni mpiga picha Anti. Napiga send-off, kipaimara, harusi, na msimu wa mahafali pale UDOM ukifika ndo nashinda juani nimening'iniza kamera shingoni. Kamera yangu ni Nikon D3200, nilianza nayo, imenilisha, siidharau, ila kwenye kumbi usiku zile taa za rangirangi picha zinatoka na chenga na wateja wa siku hizi wanazuum mpaka kope. Kwa hiyo nikawa naitafuta D750, maana ina sensa kubwa, ile sehemu inayonasa mwanga, gizani iko vizuri, na lenzi yangu ya 50mm inaingia bila shida.

Sasa shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, ana duka Kariakoo, anauza vifaa mchanganyiko, simu, redio, pasi, laptop za nje, na kamera zikija anauza. Huyu mtu Anti kwangu sio shemeji tu. Mama alipofariki mi nilihamia kwao, ada ya chuo kalipa yeye, hata hiyo D3200 alinichangia. Nilipomwambia natafuta D750 akasema tulia, mzigo ukija nakuwekea yako.

Mzigo ukaja. Akarusha picha kwenye grupu letu la familia, kaandika shem mzigo wako huo, rifabishi, kama mpya, shata kaunti 13,140 tu, kwa wewe milioni moja na laki saba bodi tupu, waranti ya duka miezi mitatu. Shata kaunti Anti ni idadi ya picha ambazo kamera imeshapiga, na kwenye boksi kweli kuna stika imeandikwa kwa peni, SC 13140. Grupu zima likaanza makofi na vigelegele, mama mkubwa kaandika hongera mwanangu, yani kama nimeshanunua vile.

Mi kwa vile nimeshaona wenzangu wakilia na kamera za mtumba nikamjibu palepale, shem asante sana, naomba unirushie faili moja orijino la picha iliyopigwa na hiyo kamera nicheki shata kaunti mwenyewe. Kimya. Baadaye sana akanitumia picha ya kaunta ya duka kwa WhatsApp, nikaiingiza kwenye programu ya kusomea, haina kitu, maana WhatsApp ukituma kama picha inafuta zile data zote. Nikamwambia shem tuma kama dokumenti. Akanipigia simu, sauti imebadilika kabisa, akasema mi nimekulipia ada sikukuomba risiti hata moja, leo wewe ndo wa kunipekua? Nilishindwa hata kujibu, nikasema basi shem yaishe.

Sasa siku si nyingi dada akapita dukani na mtoto, akachukua kamera akampiga mwanae picha, akahamishia kwenye laptop ya pale akanitumia kwa email, kaandika ona inavyochukua vizuri mdogo wangu, usisite. Alitaka kunipa moyo tu. Na picha Anti ni nzuri, mtoto kapaka aiskrimu mpaka kidevuni, nywele unazihesabu moja moja. Mi badala ya kumwangalia mtoto nikafungua data za faili. 131,427.

Nilikaa chini. Laki moja na elfu thelathini na moja Anti, na mimi naambiwa elfu kumi na tatu. Nikawa najiuliza, huyu mtu aliyenilea kanitapeli mimi? Mimi kweli?

Kikoba wameshanipitishia mkopo wa milioni moja, kurudisha ni miezi kumi, hiyo laki saba ilikuwa akiba yangu. Mwezi wa kumi na mbili nina harusi tatu zimeshalipa advansi na kila moja napiga kama picha elfu moja. Wenzangu niliowauliza wananiambia kimbia, D750 mwisho wake ni laki na hamsini, hiyo ni maiti inasubiri kuzikwa.

Nikinunua, naingia deni kwa mzigo uliochoka na kila nikiishika nitakumbuka nimedanganywa na nani. Nikikataa nitaonekana sina shukrani, na nitakataa kwa sababu gani wakati grupu zima linasubiri kuona picha zangu za kwanza? Nikisema nimeiona namba, dada atajua picha ya mwanae nimeitumia kumchunguza mume wake. Silali vizuri Anti, nisaidie mawazo.

Mpiga picha, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma taratibu kalamu mkononi, na kwa mambo ya kamera nisingeweza kukujibu peke yangu, nikaenda kukaa na kijana mmoja fundi wa kamera hapahapa mjini, nikamsomea bila kutaja mtu wala mtaa. Kwa hiyo humu kuna ya kwangu na ya kwake, utayatofautisha.

Nikuambie nilivyokuelewa, kama nimekosea utanirekebisha. Mtu aliyekulea anakuuzia kifaa. Kifaa kimeandikwa namba moja, wewe umeona nyingine kubwa mara kumi. Ulipouliza mwanzo alikasirika na akagusa pale panapouma, ada. Na namba yenyewe umeipata kupitia dada ambaye hakujua anakupa nini. Juu ya hapo una deni la kikoba linalosubiri kuchukuliwa na wateja watatu waliokwisha kutoa hela. Ndo maana hulali, na mimi nisingelala.

Lakini mwanangu nataka tuzitazame hizo namba zenyewe kwanza kabla hatujamtazama mtu. Chukua karatasi, andika 131427, juu yake andika 13140. Sasa hiyo ya chini ifute tarakimu ya mwisho. Umebaki na 13142. Umeona? Kama siku stika inaandikwa kamera ilikuwa kwenye 131,400 na kidogo, halafu aliyeandika akaacha tarakimu moja ya mwisho, unapata stika hiyohiyo uliyoiona, na hizo picha kama ishirini zilizoongezeka ni za kaunta, za mtoto, na za wateja wa pale wanaoshikashika. Mimi sisemi ndivyo ilivyokuwa. Mwenye nia ya kudanganya naye anaweza kuidondosha hiyo tarakimu makusudi kabisa, na ni ujanja mzuri kwa sababu ukikamatwa unasema peni iliteleza. Ila kati ya "kanitapeli" na "aliyeandika stika alikosea" pana nafasi, na kwenye hiyo nafasi kuna watu wengine pia, yule aliyekusanya mzigo nje, yule aliyeupakia, yule aliyeuza kwa jumla. Shemeji yako umesema mwenyewe anauza pasi na redio. Inawezekana kabisa stika ilikuja na boksi, yeye akaisoma kama ilivyo na kukupigia picha, wala hajui hiyo namba inasomwaje kutoka kwenye faili. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu. Je, ni mtu anayejua kamera, au ni mtu anayejua bei?

Na kuna kitu fundi alikiuliza kabla sijamaliza hata kusoma barua, akasema huyo dada ana uhakika kashika kamera ileile? Duka la vifaa mchanganyiko linaweza kuwa na D750 mbili, au yenye stika ikawa imefungwa kwenye boksi na iliyoko juu ya kaunta ni ya kuonyeshea. Nikon wanaandika namba ya utambulisho ya bodi, ile serio namba, ndani ya faili pamoja na hizo data zako. Faili unalo, programu unayo, na picha ya boksi shemeji aliirusha kwenye grupu. Zuum kwenye boksi, soma serio, linganisha. Hapo huhitaji kumuuliza mtu yeyote wala kumuudhi mtu yeyote. Zikipishana basi umekuwa ukikosa usingizi kwa ajili ya kamera isiyo yako. Zikifanana tunaendelea.

Tuseme zimefanana.

Wenzako wanasema laki na hamsini ndo mwisho. Fundi alicheka kidogo hapo, sio kwa dharau. Alikuwa na kamera ya mtu ameipasua, shata ameitoa ameiweka juu ya kitambaa, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi, ni vipande vyembamba vyeusi vimepangana pazia mbili, ukibonyeza moja inafunguka nyingine inafuata kufunga, na kila picha ni hivyo hivyo. Kipande kimoja kilikuwa kimepinda. Akaniambia hii kamera haikufika hata elfu 40, mwenyewe alikuwa anabadilisha lenzi nje kipindi cha upepo, mchanga ukaingia, basi. Na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane na wa tisa unalijua kuliko mimi. Hiyo 150,000 ya D750 ni idadi ambayo Nikon wenyewe wanasema shata ilijaribiwa nayo ikavumilia, hakuna saa iliyotegwa humo ndani. Zipo zinazokufa mapema na zipo zinazopita hapo zikaendelea kupiga. Ni kama kilomita kwenye gari la IST la mkononi, zinakuambia imetembea, hazikuambii ilikuwa inabadilishiwa oili au la.

Na hiyo kauntimita ina mambo isiyoyahesabu. Urefu wa video hauongezi namba. Mtu anaweza kuwa amerekodi ibada na mikutano masaa mengi kwa miaka, sensa imechemka, vifungo vimelika, na shata kaunti ikabaki ndogo ukaona umepata bahati. Kwa hiyo hata kama ile elfu 13 ingekuwa kweli mwanangu, ungekuwa umejua kitu kimoja tu kuhusu hiyo kamera.

Halafu hii D750 ina historia yake. Mwaka 2015 Nikon walitangaza wenyewe kwamba baadhi ya D750 shata zina kasoro, sehemu ya picha inaingia kivuli, wakawa wanazitengeneza bure, na baadaye wakaongeza kamera nyingine kwenye orodha, wenyewe wanaangalia kwa serio namba. Maana yake ni mbili. Ya kwanza, serio ukishaipata uicheki na hilo pia, kwenye tovuti yao. Ya pili, inawezekana hiyo bodi ilishawahi kubadilishiwa shata, na fundi anasema mara nyingine shata ikibadilishwa namba inarudishwa sifuri na mara nyingine inaachwa iendelee. Huko kwenye namba kubwa kunaweza kuwa na shata changa, na kwenye namba ndogo kunaweza kuwa na bodi kongwe. Ila bila karatasi ya fundi aliyeibadilisha hii ni ndoto tu, usiilipie hela.

Sasa hesabu yako wewe. Kutoka 131,427 mpaka laki na nusu zimebaki elfu kumi na nane na mia tano na kitu. Kwa picha elfu moja kila harusi, na tuseme msimu mzuri unapata harusi tatu kwa mwezi, ni miezi sita. Kikoba ni miezi kumi. Waranti ya duka miezi mitatu. Unaona pengo lilipo? Shata ikifa mwezi wa saba tangu ununue, waranti imekwisha na marejesho ya kikoba bado yanakusubiri. Inaweza isife. Lakini anayenunua bodi ya namba hiyo akiwa na akili timamu anaweka kando hela ya shata kuanzia siku ya kwanza, na kabla hajanunua anamuuliza fundi bei ya kubadilisha na muda wa kungoja, kwa sababu kifaa chenyewe mara nyingi kinaagizwa nje na wewe wakati huo huna kamera. Ukishajumlisha hiyo na milioni moja na laki saba, ndo unajua kamera inauzwa bei gani kweli. Inaweza ikawa bado nafuu, inaweza isiwe. Bei za D750 wengine wanazouza kwa namba kama hiyo unaweza kuzitafuta jioni moja tu kwenye simu.

Nimekaa sana kwenye kamera, nirudi kwenye watu.

Kuna sehemu kwenye barua umeipita haraka mimi nikasimama. Umesema aliporusha picha, ulimjibu palepale kwenye grupu. Mbele ya mama mkubwa na vigelegele vyote. Wewe ulikuwa unauliza kitaalamu, na ni haki yako kabisa, mwenye hela ndo anayeuliza. Yeye pengine alisikia kitu kingine, alisikia binti aliyemlea anamwambia mbele ya ukoo nzima "thibitisha". Jiulize ile hasira ya kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyeshtukiwa au ya mtu aliyeaibika. Zinafanana sana zikiwa kwenye simu. Tapeli aliyezoea, na mimi nimesoma barua nyingi za waliotapeliwa, huwa hakasiriki upesi hivyo, anakutumia faili lolote mambo yaishe. Lakini hiyo nayo sio sheria, wapo wanaotanguliza ukali ili usiulize tena.

Na hili la ada. Alilisema vibaya, tukubaliane. Ada aliyokulipia aliitoa kwa upendo au kwa wajibu, sijui, ila hukusaini popote kwamba utailipa kwa kununua vitu dukani kwake bila kuvikagua. Na wewe nawe nikuulize kwa upole, kwenye kichwa chako kununua hii kamera ni kununua kamera, au ni kurudisha fadhila? Kama ni fadhila, milioni moja ya kikoba ni njia ya gharama kubwa ya kusema asante, na akina mama wa kikoba wao hawakulelewa naye.

Njia nazoziona ziko kadhaa na hakuna hata moja isiyo na mwiba.

Unaweza kumpigia simu, wewe na yeye tu, sio grupu, ukamwambia shem, namba ya kwenye stika na ya kwenye faili zimepishana tarakimu moja, nadhani aliyeandika aliruka, hebu mwulize aliyekuletea mzigo. Ukilisema hivyo unampa mlango wa kutokea kwa heshima. Kama hakujua, atashukuru, maana ana mzigo mwingine wenye stika za mtu huyohuyo na kesho atakuja mteja asiye shemeji, na mteja huyo anaweza kumpeleka FCC, ile Tume ya Ushindani, wewe shemeji yako utampeleka wapi. Kama alijua, naye umemwachia njia ya kushusha bei bila kuvuliwa nguo. Mwiba wake ni kwamba anaweza kukasirika tena, akasema sasa chukua hela zako nenda kwa wengine, na hapo dada lazima ataingia katikati.

Kuhusu dada, usimtumie kama mjumbe tena, alishatumika mara moja bila kujua. Ila pia sidhani kama umemfanyia ubaya mkubwa kama unavyouona. Alikutumia picha uone ubora wa kamera, wewe mpiga picha umeangalia ubora wa kamera. Mpishi akipewa chakula anaonja chumvi. Ukimwambia mwenyewe mapema, kabla mumewe hajamwambia kwa maneno yake, ni stori ya kucheka. Akija kuisikia kwa mumewe siku wamegombana, ni stori nyingine. Sasa ukimwambia kabla ya kuongea na shemeji unamweka kwenye mtihani ndani ya nyumba yake, na ukimwambia baada anaweza kusema mbona ulinificha. Hapo mpangilio unaujua wewe, wewe ndo unajua dada yako analala na siri au halali nayo.

Njia nyingine ni kuichukua kimya kimya, kujifanya hujaona. Watu wengi wangefanya hivyo kwa ajili ya amani. Siibezi, kuna familia imesimama kwa mambo ambayo watu waliamua kutoyaona. Ila wewe umeshaandika mwenyewe kwamba kila ukiishika utakumbuka, na kamera ni kitu cha kushika kila siku.

Au unaweza kukataa kwa sababu nyingine, kikoba kimechelewa, nimebadili mawazo, naenda kwenye kamera za mirrorless, zile zisizo na kioo cha kuruka ndani. Inakuokoa leo. Mwiba wake ni kwamba stika itabaki pale pale, mtu mwingine atanunua, na wewe ndo utakuwa umeanza uongo wa kwanza wa uhakika kwenye hili jambo, kwa sababu wake hatujauthibitisha bado.

Ya mwisho ni kutofanya haraka. Harusi tatu hazihitaji umiliki kamera, zinahitaji uwe na kamera. Wapiga picha hapa mjini wanakodishana bodi, unajua kuliko mimi nani ana nini na anakodisha shilingi ngapi. Ukikodi mwezi wa kumi na mbili unapata muda wa kuongea na shemeji bila kisu cha wateja shingoni, na unapata kuishika D750 kazini ukajua kama ndo unayoitaka kweli. Hasara ni kwamba hela ya kukodi hairudi, na kama uliona bei ya shemeji ni nzuri, mzigo unaweza ukaondoka. Kikoba nao waulize kama mkopo uliopitishwa unaweza kukaa mwezi bila kuchukuliwa, au ukikaa riba inaanza, maana kila kikoba na katiba yake.

Hili neno rifabishi nalo limuulize, kwa upole uleule. Ikiwa kampuni yenyewe au wakala wake aliikagua, akabadilisha vilivyokufa na kuiuza upya, inakuja na karatasi na waranti ya aliyeikagua. Ikiwa ni kamera ya mkononi iliyofutwa vumbi na kuwekwa kwenye boksi jeupe, hiyo ni used, na used sio dhambi, ni bei tu inabadilika.

Vyovyote utakavyoamua, usilipe bila kuishika. Treni ya umeme imekuwepo tangu 2024, asubuhi uko Dar na usiku umerudi kulala Nkuhungu. Nenda na kadi mbili, D750 ina sloti mbili na zote zijaribiwe. Funga lenzi kifuniko, piga picha ya sekunde kadhaa gizani, zuum utafute nukta za rangi zisizohama. Fungua, weka f/16, piga ukuta mweupe au mbingu, uone madoa ya vumbi yako mangapi. Halafu weka spidi ya mwisho, 1/4000, piga mfululizo mpaka ijae, pitia picha moja moja uangalie kama kuna pembe imeingia kivuli, hapo ndo shata mbovu inajisema yenyewe. Tazama skrubu za chini kama vichwa vimelika, ni dalili imeshafunguliwa na bisibisi isiyo yake. Na faili la hiyo picha ya mwisho ulifungue palepale dukani kwenye laptop, wewe na shemeji mmekaa pamoja, namba muione wote kwa wakati mmoja. Inawezekana siku hiyo ndo itakuwa mara yake ya kwanza kuona namba hiyo inasomwaje, na utaujua uso wake kuliko mimi nitakavyoweza kuujua kupitia barua.

Serio ukishaifananisha niandikie, maana zikipishana hii barua yote tunaianza upya.